Matetemeko Makubwa ya Ardhi na Tsunami katika Historia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tetemeko gani ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa?

Ni la Valdivia, kusini mwa Chile, tarehe 22 Mei 1960. Ukubwa wake ulikuwa 9.5. Ufa uliopasuka chini ya bahari ulikuwa na urefu wa kati ya kilomita 800 na 1,000. Siku moja kabla, tetemeko jingine kubwa lilikuwa limebomoa sehemu za mji wa Concepción, na muda mfupi kabla ya lile la 9.5 mtikisiko mwingine uliwatoa watu wengi majumbani. Hofu hiyo iliokoa roho nyingi, kwa kuwa kubwa lenyewe lilipofika, wengi walikuwa wameshatoka nje.

Yanayofuata ni la Alaska la 27 Machi 1964 (9.2), la Sumatra la 26 Desemba 2004 (9.1), la Tohoku nchini Japani la 11 Machi 2011 (9.0 au 9.1, kutegemea nani amepiga hesabu) na la Kamchatka la 4 Novemba 1952 (9.0). Zingatia neno "kupimwa". Mitambo ya kurekodi mitetemo ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo namba unayoiona kwa tetemeko la kale zaidi ya hapo ni makadirio.

Kwa nini yaliyoua watu wengi zaidi si hayo makubwa zaidi?

Kwa sababu tetemeko lenyewe haliui watu wengi. Kinachoua ni kile kinachoanguka, kinachowaka au kinachofurika baada yake.

Linalotajwa kuwa na vifo vingi kuliko yote ni la Shaanxi, China, la tarehe 23 Januari 1556: takriban watu 830,000. Ukubwa wake hukadiriwa kuwa karibu 8, ambao si wa ajabu. Lakini watu wengi wa huko waliishi katika mapango yaliyochimbwa kwenye kingo za udongo laini uliorundikwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Kingo zikaporomoka zikiwa na wenyeji ndani.

Ukitaka mfano wa karibu, linganisha matetemeko mawili ya mwaka 2010. La Haiti, tarehe 12 Januari, lilikuwa 7.0, makadirio ya vifo yanaanzia 100,000 na kupita 300,000. La Chile, tarehe 27 Februari, lilikuwa 8.8, yaani lilitoa nishati mara 500 hivi kuliko la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa takriban 525, na sehemu yao walichukuliwa na tsunami. Tofauti kuu ni tatu. La Haiti lilipasuka karibu sana na Port-au-Prince, tena si mbali chini ya ardhi. Majengo ya Haiti yalikuwa na zege dhaifu na nondo chache. Na Chile, iliyokwisha kuumwa na nyoka mwaka 1960, ilikuwa na sheria za ujenzi zilizosimamiwa kwa dhati.

Namba ya ukubwa ina maana gani hasa?

Kila namba moja ikiongezeka, nishati inayotoka huongezeka mara 32 hivi. Namba mbili ni mara 1,000. Kwa hiyo tetemeko la 8 halilizidi la 6 kidogo tu: lina nishati ya matetemeko elfu moja ya ukubwa wa 6. Hapa ndipo inapoanguka ile dhana kwamba matetemeko madogo "hupunguza presha". Yangehitajika elfu kuzuia moja.

Ukubwa hutokana na vitu vitatu: eneo la ufa lililopasuka, umbali ambao pande mbili zimeteleza, na ugumu wa miamba. Ndiyo maana hatutarajii tetemeko la 10 au 11. Ufa mrefu kiasi hicho usiokatika haupo duniani.

Usichanganye ukubwa na ukali. Ukubwa ni kama nguvu ya mkono wa mpiga ngoma, na ni mmoja tu. Ukali ni sauti inayokufikia wewe ulipo, nao hubadilika mtaa kwa mtaa kufuatana na umbali na aina ya udongo. Magazeti bado huandika "kipimo cha Richter", lakini kipimo hicho kilichotungwa na Charles Richter mwaka 1935 kwa ajili ya kusini mwa California hakiwezi kutofautisha matetemeko makubwa sana. Yote huonekana karibu sawa. Tangu mwaka 1979 wataalamu wana kipimo kingine, kilichowekwa na Thomas Hanks na Hiroo Kanamori, kinachohesabu vile vitu vitatu moja kwa moja.

Kwa nini hutokea mahali palepale?

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea sentimita chache kwa mwaka. Bamba la Pasifiki, kwa mfano, huingia chini ya kaskazini mwa Japani kwa sentimita 8 hadi 9 kila mwaka. Mabamba hayo hayatelezi vizuri. Yanakwama yanapogusana huku yakiendelea kusukumwa, na ukingo unapinda kama fimbo. Siku ufa unapoachia, fimbo inarudi kwa kishindo. Maelezo haya yalitolewa na Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la 18 Aprili 1906, alipoona jinsi alama za vipimo vya ardhi zilivyokuwa zimehama pande mbili za ufa. Mwaka 2011, sakafu ya bahari karibu na mfereji wa Japani, yaani bonde refu na lenye kina kikubwa chini ya bahari, ilihama hadi mita 50 hivi.

Je, kila tetemeko la chini ya bahari huleta tsunami?

Hapana. Sharti sakafu ya bahari inyanyuke au ishuke, ili isukume safu yote ya maji iliyo juu yake. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la 8.6 lilipiga nje ya Sumatra, lakini miamba iliteleza kwa ubavu, na tsunami iliyotokea ilikuwa ndogo.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa zaidi. Tarehe 15 Juni 1896, wakazi wa pwani ya Sanriku, Japani, walihisi mtikisiko hafifu, wa polepole na wa muda mrefu. Hawakujali. Nusu saa hivi baadaye maji yakaja, na mahali fulani yakapanda hadi mita 38. Watu takriban 22,000 walikufa. Ufa ulipasuka taratibu karibu na mfereji wa bahari, hivyo haukutikisa ardhi sana ila ulisukuma maji mengi. Kwa hiyo mtu wa pwani asiangalie ukali peke yake. Ahesabu sekunde.

Tsunami inatofautianaje na wimbi la kawaida?

Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu. Tsunami husogeza maji yote, kuanzia sakafuni hadi juu, na kutoka kilele kimoja hadi kingine huweza kuwa zaidi ya kilomita 100. Kwenye kina kirefu kimo chake mara nyingi hakifiki mita moja, na meli iliyo juu yake haihisi kitu.

Mwendo hutegemea kina. Penye mita 4,000 ni karibu kilomita 700 kwa saa, sawa na ndege ya abiria. Penye mita 10 hushuka hadi kilomita 36 hivi. Sehemu ya mbele inapopunguza mwendo, ya nyuma bado inakuja kasi, na maji yanarundikana. Ndipo wimbi linapopanda.

Picha ya ukuta wa maji unaojikunja juu huwapotosha wengi. Mara nyingi tsunami huja kama bamvua lisilokoma: maji yanajaa, yanapita kikomo, yanaendelea kuja kwa dakika kumi au ishirini. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na maji hayo yanabeba magari, magogo, mapipa ya mafuta na mapaa. Yakifika magotini tu, tayari yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Lazima bahari irudi nyuma kwanza?

Si lazima. Inategemea upande gani wa ufa unaokutazama. Mwaka 2004 pwani ya Thailand iliona bahari ikikupwa ghafla na kuacha samaki mchangani, huku Sri Lanka wimbi la kwanza likaja likiwa limejaa. Anayesubiri maji yarudi nyuma ndipo akimbie anaweza asipate dalili hiyo kabisa.

Maji yakikupwa bila saa yake, una dakika chache tu. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la mwaka 2004, watu walikuwa wamerithishana neno *smong* tangu tsunami ya mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikupwa, panda mlimani. Kati ya watu takriban 78,000 walikufa 7. Kwa jumla tsunami hiyo iliua watu karibu 227,000 katika nchi 14, hadi Somalia, ambako ilifika baada ya saa 7 hivi. Saa saba zilitosha kumwondoa kila mtu ufukweni, ila Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari.

Wimbi lililopanda juu zaidi ni lipi?

La ghuba ya Lituya, Alaska, tarehe 9 Julai 1958. Tetemeko liliporomosha mwamba wa mlima ndani ya ghuba nyembamba, na maji yakapanda mlima wa upande wa pili hadi mita 524, yakikwangua miti yote. Lakini halikwenda mbali. Mawimbi ya maporomoko huwa na umbali mfupi kutoka kilele kimoja hadi kingine na hufifia haraka.

Volkeno pia huleta tsunami. Krakatau, Indonesia, mwaka 1883 iliua zaidi ya watu 36,000, wengi wao kwa mawimbi. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, volkeno iliyochipuka palepale, uliporomoka usiku, ukaua zaidi ya watu 400. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kuwashtua watu wala mitambo.

Kwa nini wengi hufa baada ya wimbi la kwanza?

Kwa sababu wanarudi. Tsunami ni msururu wa mawimbi yanayopishana kwa dakika 5 hadi saa moja au zaidi, na la kwanza aghalabu si kubwa. Mwaka 1964 mji wa Crescent City, California, ulipata mawimbi madogo kwanza. Baadhi ya watu wakarudi kusafisha maduka yao, na wimbi la nne ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mjini Hilo, Hawaii, mwaka 1960, tahadhari ilitolewa saa nyingi kabla, mawimbi ya kwanza yakawa ya wastani, na la tatu likaua watu 61. Wapo waliokuwa wamekwenda kulitazama.

Ardhi ikianza kutikisika nifanye nini?

Ukiwa ndani ya jengo imara, piga magoti kabla hujaangushwa, ingia chini ya meza nzito, kinga kichwa na shingo, shika mguu wa meza na ufuatane nayo ikisogea. Pasipo meza, jikunje kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha na makabati. Usikimbilie ngazi wala lifti. Wengi huumia wakiwa mbioni, au mlangoni, ambako vigae na vipande vya ukuta wa nje huanguka. Ukiwa kitandani, baki hapo na ufunike kichwa kwa mto.

Nyumba ya matofali ya udongo au mawe yenye paa zito ina kanuni yake: kama uko chini, mlango uko hatua chache na nje ni uwanja wazi, toka upesi.

Mtikisiko ukikoma, vaa viatu kwanza. Vioo vilivyovunjika hujeruhi wengi. Funga gesi ikiwa inanuka, zima swichi kuu ya umeme, usiwashe kiberiti. Tumia ujumbe mfupi badala ya kupiga simu. Maji ya kunywa na matumizi madogo yawekwe mapema: lita 4 kwa mtu kwa siku, zisizopungua siku 3.

Na nikiwa pwani?

Jikinge hadi mtikisiko ukome. Ukizidi sekunde 20, au ukikufanya ushindwe kusimama, ondoka hapohapo bila kungoja king'ora. Nenda kwa miguu, maana barabara huziba magari. Lenga mwinuko wa mita 30 au umbali wa kilomita 3 kutoka ufukweni. Ukishindwa vyote viwili, panda ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege. Kaa mbali na mito na mikono ya bahari, kwa kuwa maji hupitia huko na kuingia bara kuliko kwingine. Usishuke mpaka mamlaka zitangaze usalama, na hilo huweza kuchukua saa 12 au zaidi.

Aliye tayari baharini asirudi bandarini. Aelekee penye kina kisichopungua mita 100. Maeneo mengine huagiza zaidi ya hapo. Bandarini ndimo mikondo inamokata kamba na kugonganisha vyombo.

Majengo huangushwa na nini hasa?

Kosa linalojirudia zaidi ni ghorofa ya chini iliyo wazi, yenye maduka au maegesho, ikibeba ghorofa zenye kuta nzito. Nguzo za chini hupinda peke yake na jengo zima hukaa juu yake. La pili ni pete za nondo ndani ya nguzo. Zikiwa chache, au ncha zake zikikunjwa nyuzi 90 badala ya 135 kuingia ndani ya zege, hufunguka, nondo ndefu zinapinda na zege inamwagika. La tatu ni mchanga wa bahari usiooshwa: chumvi hula nondo miaka mingi kabla ya tetemeko. Matetemeko ya Uturuki ya 6 Februari 2023 (7.8, na baada ya saa 9 hivi, 7.5) yalianika makosa ya namna hii hadharani, na zaidi ya watu 50,000 walikufa. Kwa nyumba ndogo ya matofali, mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote na kuzifunga pamoja ndio kinga ya bei nafuu.

Udongo nao huchagua majengo. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilipasuka pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City. Mji huo umejengwa juu ya tope la ziwa la zamani, ambalo lilitikisika kwa mdundo wa sekunde 2 hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo hucheza kwa mdundo unaokaribiana na huo, ndiyo yaliyoathirika zaidi; mafupi na marefu sana mengi yalisalimika. Mchanga uliojaa maji hufanya vibaya zaidi: hugeuka uji. Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, mitaa ya Petobo na Balaroa ilitiririka na nyumba zake.

Moto unaingiaje humu?

Mabomba ya gesi hupasuka, majiko hupinduka, na mabomba ya maji ya kuzimia hupasuka pia. San Francisco iliungua kwa siku tatu mwaka 1906. Tokyo na Yokohama zilipigwa tarehe 1 Septemba 1923 dakika mbili kabla ya saa sita mchana, majiko yakiwa yamewashwa, upepo wa kimbunga ukivuma. Katika uwanja mmoja wa Honjo, mtaa wa Tokyo, watu takriban 38,000 waliokimbilia humo na mizigo yao waliteketea. Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755, ilipata yote matatu asubuhi moja: tetemeko, tsunami dakika 40 hivi baadaye iliyowakuta watu kwenye gati la mto Tagus, kisha moto ulioanzia kwenye mishumaa ya Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Yanaweza kutabiriwa?

Siku na saa, hapana. Watu hutaja Haicheng, China, ambako tarehe 4 Februari 1975 wakazi wengi walihamishwa kabla ya tetemeko la zaidi ya 7. Kilichosaidia ni mfululizo wa mitikisiko midogo iliyotangulia. Tarehe 28 Julai 1976 Tangshan haikupewa dalili kama hiyo. Takwimu rasmi zinataja zaidi ya vifo 242,000.

Tahadhari ya mapema ni jambo tofauti. Tetemeko likishaanza, wimbi la kwanza la mtetemo ardhini, lisilo na madhara makubwa, husafiri kilomita 6 hivi kwa sekunde; la pili, linalobomoa, kilomita 3.5. Mitambo hulinasa la kwanza na kutuma ishara. Unaweza kukadiria mwenyewe: zidisha kwa 8 sekunde zinazopita kati ya mtikisiko mdogo na mkubwa, upate kilomita. Mwaka 2011 mfumo huu ulisimamisha treni za mwendo kasi Japani, na hakuna yenye abiria iliyoacha reli.

Kuta za bahari zinafaa?

Zinafaa hadi pale maji yanapozipita. Lango la Fudai, Japani, lenye kimo cha mita 15.5, liliokoa kijiji mwaka 2011, ingawa aliyelijenga alilaumiwa kwa gharama. Ukuta wa mita 10 wa Taro ulipitwa, na wapo waliochelewa kuondoka kwa kuuamini. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kiliandaliwa kwa tsunami ya chini ya mita 6. Ilikuja ya 14 hivi, ikafurika jenereta za dharura zilizokuwa vyumba vya chini, na mitambo ikakosa ubaridi. Pale Aneyoshi kuna jiwe la zamani linalokataza kujenga chini yake. Maji yaliishia chini kidogo ya jiwe hilo.

Tunajuaje ya kabla ya mitambo?

Kwa mchanga, miti na maandishi. Kaskazini-magharibi mwa Marekani kuna misitu iliyokufa imesimama kwenye maji ya chumvi, kwa sababu pwani ilizama ghafla. Pete za miti zilionyesha kwamba ilikufa baada ya msimu wa mwaka 1699. Japani nako kumbukumbu zilitaja tsunami ya Januari 1700 iliyokuja bila tetemeko. Vikaunganishwa: tetemeko la 9 hivi, usiku wa 26 Januari 1700. Kwa njia hiyohiyo matabaka ya mchanga karibu na Sendai yalionyesha kuwa tsunami ya mwaka 869 iliingia bara mbali sana, na utafiti huo ulichapishwa kabla ya mwaka 2011.

Mitetemo inayofuata huisha lini?

Fusakichi Omori aliona mwaka 1894 kwamba idadi yake hupungua kwa mpango: siku ya kumi huwa na kama sehemu moja ya kumi ya siku ya kwanza. Idadi ndiyo inayopungua, ukubwa haufuati kanuni hiyo. Tetemeko la 7.1 lililotokea karibu na Christchurch, New Zealand, Septemba 2010 halikuporomosha jengo juu ya mtu. Tarehe 22 Februari 2011, miezi mitano na nusu baadaye, likaja dogo zaidi, la 6.2 hivi, lakini karibu zaidi na katikati ya mji, na watu 185 wakafa. Jengo lenye nyufa za umbo la X kwenye nguzo au kati ya madirisha, au milango iliyoanza kukwama, lisilalwe mpaka mhandisi alikague.